Theodore Roosevelt na upinde wa babu yangu

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo, msomaji mpendwa, nataka tumkumbuke mgeni mmoja aliyeshuka katika pwani yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mtu ambaye jina lake lingali linatajwa pembe zote za dunia, kisha tuulizane kwa utulivu ikiwa mwenyeji alipona ama hakupona.

Jambo lililonisukuma kushika kalamu ni mazungumzo ya kawaida tu. Hapa Matsangoni, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, upo mwembe ambao chini yake sisi wazee tuliostaafu hupunga upepo wakati wa jioni. Majuzi alitutembelea mwana wa jirani yangu, kijana anayefanya kazi katika ghala moja huko Colorado, nchini Marekani. Akatusimulia habari za mwenzake kazini ambaye kwa miaka tisa amekuwa akijaza fomu kuomba ruhusa ya kumwinda mnyama mmoja tu. Mnyama huyo huitwa elki. Umbo lake ni kama la pofu wetu, ila dume lake hubeba pembe zenye matawi mengi, mithili ya mti uliopukutika majani, na kila mwaka pembe hizo huanguka na kuota nyingine.

Kijana alitueleza kwamba katika majimbo ya magharibi, kama vile Wyoming, Colorado na Utah, mtu hawezi kujiendea porini na bunduki yake akamwangusha elki mkubwa mwenye pembe za kutundikwa ukutani. Kila jimbo lina kalenda yake na ada zake. Mwombaji huchagua eneo, hupeleleza idadi ya vibali na idadi ya waombaji wenzake, hulipa ada, kisha majina hupigiwa kura kama bahati nasibu. Akikosa, katika majimbo mengi hupewa pointi, na pointi hizo humsogeza mbele mwaka unaofuata. Yako maeneo ambayo mtu huzikusanya kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya jina lake kutoka. Aidha, mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo na hutengewa sehemu kubwa ya vibali, ilhali mgeni atokaye jimbo jingine hulipa mara nyingi zaidi na kugombea sehemu iliyobaki. Na atakayeua mnyama akaiacha nyama ioze porini huwa ametenda kosa la jinai.

Wazee wenzangu walicheka sana. Mmoja wao alitaka kujua ni serikali gani hiyo inayompigia mtu kura ya kitoweo. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka babu yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama humwita tsawe, na upinde wake uliochomwa moto. Nikamkumbuka pia yule Mmarekani ambaye, kwa maoni yangu, amesimama kwenye chimbuko la hadithi zote mbili, ya yule mfanyakazi wa ghala na ya babu yangu. Mmarekani huyo ni Theodore Roosevelt.

Roosevelt alizaliwa katika jiji la New York tarehe 27 Oktoba, 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Utajiri wa baba yake, hata hivyo, haukumnunulia pumzi. Alikuwa mtoto wa pumu, dhaifu wa mwili, aliyekesha usiku mwingi akitweta kitandani. Baba yake alimhimiza aujenge mwili wake kwa mazoezi, na mtoto huyo akatii kwa ukaidi ambao haukumwacha hadi kufa kwake. Tangu utotoni alipenda wanyama kupita kiasi. Alipata fuvu la sili, akaanzisha kwalo makumbusho yake ya kitoto nyumbani, akajifunza kuchuna na kukausha ndege. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa makumbusho makubwa ya viumbe ya New York, kwa hiyo tabia hiyo haikuonekana ukichaa. Alipopewa bunduki akiwa kijana mdogo, ndipo ilipogunduliwa kwamba haoni mbali. Akavishwa miwani, na dunia ikamfungukia upya. Katika majira ya baridi ya 1872 na 1873 familia yake ilipanda mto Nile kwa mashua, naye akapiga ndege wengi huko Misri. Hivyo Afrika aliionja angali mtoto.

Alihitimu Harvard mwaka 1880, akaoa, akaingia siasa za jimbo lake. Kisha likamfika pigo ambalo wachache wangelistahimili. Tarehe 14 Februari, 1884, katika nyumba moja na siku moja, alifiwa na mama yake na mkewe kijana, aliyekuwa amejifungua siku mbili tu kabla. Roosevelt alimwacha mtoto mikononi mwa dada yake, akakimbilia nyika za Dakota, alikokuwa amekwenda mwaka uliotangulia kuwinda nyati wa Marekani. Huko alifuga ng'ombe, akalala nje na wachungaji, akawinda elki na dubu milimani. Zizi lake moja aliliita Elkhorn, yaani pembe ya elki, kwa sababu mahali hapo alikuta mafuvu ya madume mawili yaliyopigana hata pembe zao zikanasana, yakashindwa kuachana, yakafa pamoja. Naomba msomaji aiweke akilini picha hiyo ya pembe zilizonasana, maana tutairudia.

Katika nyika hizo Roosevelt alijifunza somo kubwa la maisha yake. Nyati waliokuwa mamilioni walikuwa wamechinjwa karibu wote kwa ajili ya ngozi, na elki nao walikuwa wakitoweka mbele ya macho yake. Aling'amua kwamba mwindaji asiyejiwekea mpaka hujichimbia kaburi mwenyewe. Mwaka 1887 aliwakusanya rafiki zake matajiri wakaanzisha klabu ya wawindaji iitwayo Boone and Crockett, ambayo ilidai sheria za kulinda wanyama na kuwataka wanachama wake wawinde kwa haki, pasipo kumvizia mnyama aliyekwama wala kumpiga asiyeweza kukimbia. Ndiyo sababu mwaka 1902, akiwa Rais, alikataa katakata kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa mtini kwa ajili yake katika jimbo la Mississippi, ingawa aliamuru mnyama huyo aliyejeruhiwa amalizwe asiteseke. Wachora vibonzo waliifanya habari hiyo kuwa mzaha, na mzaha huo ukazaa yule dubu wa kitambaa anayelaliwa na watoto hadi leo.

Aliingia ikulu mwezi Septemba 1901 baada ya Rais McKinley kuuawa, akatoka mwezi Machi 1909. Ametenda mengi, mema na mabaya. Alipatanisha Warusi na Wajapani akapewa tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 1906. Pia alipigia debe ubabe wa taifa lake juu ya mataifa madogo. Lakini lililodumu kuliko yote ni ardhi. Alitenga misitu 150 ya taifa, hifadhi 51 za ndege na mbuga tano za taifa, jumla ya ekari zipatazo milioni 230. Siku mbili kabla ya kuondoka madarakani alitenga mlima Olympus, jimboni Washington, kwa azma ya kuwalinda elki wa huko, ambao mtaalamu mmoja alikuwa amekwisha kuwapa jina lake Roosevelt.

Naam, mtu huyo ndiye aliyekusudia kuja kwetu. Alianza kuipanga safari yake angali Rais. Aliwaandikia barua wawindaji mashuhuri wa Uingereza, akina Frederick Selous na Edward Buxton, akiwauliza habari za majira ya mvua, njia, bunduki, mahema na wapagazi. Aliijua bei ya lawama, akatafuta kinga yake mapema. Alikubaliana na taasisi ya Smithsonian ya Washington kwamba wanyama watakaouawa watakuwa mali ya makumbusho ya taifa, na taasisi ikamwongezea wataalamu watatu wa viumbe. Tajiri Andrew Carnegie alikuwa mmoja wa waliochangia gharama. Kampuni ya wachapishaji ikamwahidi dola 50,000 kwa makala atakayoandika. Alichukua tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi, miwani ya akiba, na maktaba ndogo ya vitabu vipatavyo 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho wala damu.

Ama leseni, hilo halikuwa gumu kwake. Mwaka 1900 dola za Ulaya zilitia sahihi mkataba mjini London juu ya wanyama wa Afrika, pasipo Mwafrika hata mmoja mezani, na tangu hapo makoloni yakaeneza sheria za uwindaji wa leseni. Leseni ya mgeni katika himaya ya Afrika Mashariki iligharimu pauni 50, yaani rupia 750. Roosevelt aliimudu, na kwa jina la sayansi akaruhusiwa kuvuka kiasi kilichowekewa wengine.

Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili, 1909, akiwa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Frederick Jackson, kaimu gavana, ndiye aliyempokea. Kisha akapanda gari moshi, akakaa kwenye kiti kilichowekwa mbele kabisa ya injini, akiwatazama wanyama wa bara kama mtu atazamaye bustani yake. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Hao walibeba mahema, chumvi, vitabu na mafuvu, wakapita nchi ya Wakamba, nyika za Sotik, ziwa Naivasha na miteremko ya mlima Kenya, hadi Uganda na Nile ya juu. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Kwa hesabu aliyoiorodhesha mwenyewe, yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512: yeye 296, kijana 216. Kati yao walikuwamo simba 17, tembo 11 na faru 20. Ukijumlisha na panya, popo, ndege na nyoka waliokusanywa na wataalamu, idadi ya viumbe waliosafirishwa ilipita 11,000. Mwanzoni mwa 1910, huko Lado kando ya Nile, msafara uliwaangusha faru weupe tisa wa kaskazini. Roosevelt alijua kwamba faru hao ni haba, na uhaba wao ndio uliomfanya awatake kwa makumbusho. Mwezi Machi 2018 dume la mwisho la faru hao, lililoitwa Sudan, lilikufa kule Ol Pejeta, Laikipia, likaacha majike mawili tu. Sisemi kwamba Roosevelt ndiye aliyewamaliza. Waliomaliza ni wauza pembe na vita vya miaka ya baadaye. Nasema tu kwamba aliyejua zaidi hudaiwa zaidi.

Sasa turudi Matsangoni. Mwaka huohuo wa 1909, wazee wetu walikuwa wakitozwa kodi ya nyumba ya rupia tatu, na wengi walihangaika kuipata. Piga hesabu, msomaji: leseni moja ya mgeni ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250. Ni Mgiriama gani angeliimudu? Na Wasanye, ndugu zetu wa porini ambao wenyewe hujiita Wawaata, waliokuwa wakimwangusha tembo kwa upinde mrefu na mshale wa sumu ya mti, wangeipata wapi? Kwa vizazi vingi pembe zilizouzwa katika bandari za pwani, Malindi na Takaungu, zilipita mikononi mwa watu hao. Sheria mpya haikuwaandika kwa jina. Iliweka bei tu, na bei ikafanya kazi yote. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wamesema wahenga. Kisu cha zama hizo kilikuwa ni karatasi.

Babu yangu hakuwa mwindaji wa tembo. Alikuwa mkulima wa minazi na mikorosho aliyejua kutega na kulenga. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulio nyuma yetu, upande wa machweo, aliujua kabla haujatangazwa kuwa msitu wa serikali ya mfalme mwaka 1932. Katika miaka ya 1950, wakati operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa Kisanye ilipokuwa ikiendeshwa huko Tsavo na vijiji vikipekuliwa, yeye alikamatwa ukingoni mwa msitu akiwa na paa mmoja begani. Alifungwa miezi sita. Upinde wake, ambao aliachiwa na baba yake, ulitiwa moto mbele ya watu. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka jinsi alivyorudi amekonda, na jinsi ambavyo hakutaka tena kutusimulia habari za mwituni. Katika vitabu yule Mmarekani aliitwa mwindaji. Katika daftari la mahakama babu yangu aliitwa mwizi. Tofauti yao haikuwa mapenzi ya wanyama, wala idadi ya waliouawa, maana paa mmoja si 512.

Haki inanilazimu niukamilishe wasifu huu. Roosevelt alitoka kwa njia ya Khartoum mwaka 1910, akachapisha kitabu cha safari yake, akagombea tena urais mwaka 1912. Mjini Milwaukee alipigwa risasi kifuani, akahutubia hadhira kwa zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kupelekwa hospitalini. Akashindwa uchaguzi, akaenda Brazili kuufuata mto usiojulikana kwa ramani, akanusurika kufa kwa homa na kidonda cha mguu. Mwezi Julai 1918 mwanawe mdogo, Quentin, aliangushwa na ndege yake vitani Ufaransa. Mzee huyo hakuinuka tena sawasawa. Alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 6 Januari, 1919, akiwa na miaka 60.

Kwao aliacha urithi wa kuonewa wivu. Mwanzoni mwa karne ya 20 elki wa Amerika walikuwa hawazidi laki moja. Leo hukaribia milioni moja. Ada za wawindaji, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi uliotengwa kwa kazi hiyo na sheria ya 1937, hugharimia ulinzi wa wanyama katika kila jimbo. Mfagizi na tajiri hutia majina yao katika kapu moja la kura. Na mwenyeji hutangulizwa mbele ya mgeni. Sidai kwamba nchi hiyo haina doa: Wahindi Wekundu walifukuzwa katika ardhi nyingi zilizogeuzwa hifadhi, na Roosevelt mwenyewe aliandika juu yao, na juu yetu Waafrika, kwa kiburi cha mtu anayejiona kaka wa ulimwengu. Lakini kanuni yenyewe ni njema. Kosa lake ni kwamba hakuipakia melini pamoja na chumvi. Kwao mnyama ni mali ya raia wote, kwetu alimkuta akiwa mali ya mwenye rupia 750, na hakuuliza.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Mimi ni mmoja wa wanaounga mkono marufuku hiyo, nami siandiki ili upinde urudishwe. Tembo wa Arabuko-Sokoke na yule sange mwenye makalio ya dhahabu, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu wetu, wana haki ya kuishi. Ninachouliza ni hiki: je, baada ya leseni kuondoka, mwenyeji ametangulizwa?

Hapa Matsangoni nasi hujaza fomu. Si fomu ya kuomba pembe, bali ya kuomba fidia. Nyani wakimaliza mahindi, tembo akivunja ua na kuangusha minazi, mtu hufunga safari na picha na barua ya chifu, akaandika jina lake, akangoja. Sheria ya mwaka 2013 ilitaja shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na fidia pia kwa mazao. Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe nilijaza fomu ya mikorosho minne katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nimehesabu masika mara sita tangu siku hiyo. Yule Mmarekani wa ghalani kila mwaka akikosa huongezewa pointi. Mimi kila mwaka naambiwa faili linatafutwa.

Yapo mambo yanayotia moyo. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, pale Gede, umewawezesha wakulima wa kando ya msitu kufuga viwavi na kuuza vipepeo ng'ambo, na mtu anayepata karo ya mtoto kutokana na mti hataukata mti huo. Hiyo ndiyo njia. Fomu za fidia zijibiwe kwa muda unaojulikana, kwa ndiyo ama kwa la. Ajira za askari wa msitu na sehemu ya mapato ya watalii zianzie kwa vijiji vinavyolala na tembo mlangoni. Mwenyeji akitangulizwa, hatahitaji kufukuzwa.

La sivyo, serikali na wananchi watakuwa kama wale madume wawili wa Elkhorn, kila mmoja na nguvu zake, pembe zimenasana, hakuna anayeshinda wala anayeweza kuondoka. Roosevelt aliyakuta mafuvu yao nyikani na akaliita zizi lake kwa jina lao. Sisi hatuna haja ya kungoja mpita njia wa kesho aje kuyaokota ya kwetu.